Versailles: Kasri lililojengwa ili litazamwe

Zama za wafalme wa Ufaransa, mtu aliyetaka kuingia kasri la Versailles hakuulizwa tiketi. Aliulizwa upanga na kofia. Mwanamume asiye na upanga alikodishiwa hapohapo langoni, akauning'iniza kiunoni, akapanda ngazi kifua mbele kana kwamba kazaliwa kabaila, akazunguka vyumba vya mfalme akikodolea macho dari na mapazia. Siku yake ikiwa ya bahati, alimwona na mfalme mwenyewe akipita kwenda kanisani. Akimaliza matembezi alirudisha upanga wa watu na kwenda zake.

Waliozuiwa walijulikana: ombaomba, makahaba, na watu ambao ndui ilikuwa imewaachia makovu mabichi. Wengine wote, alimradi wamevaa kwa heshima, walipita.

Watalii karibu milioni 8 huingia Versailles kila mwaka, na wengi wao huja wakiamini kwamba hapa palikuwa mahali pa siri, wafalme wamejifungia na anasa zao, hadi siku wananchi walipochoka na kuvunja milango. Simulizi hiyo ni tamu ila haina ukweli mwingi. Versailles ilijengwa makusudi ili watu waje waitazame. Kazi ya kupokea watazamaji haikubuniwa baada ya wafalme kuondoka. Ndiyo kazi ya kwanza ya jumba lile, na wafalme walipoanza kuichoka ndipo mambo yao yalipoanza kwenda mrama.

Karamu iliyomponza waziri

Mwaka 1623 Mfalme Louis wa 13 alijenga nyumba ndogo ya kupumzikia wakati wa uwindaji katika kijiji cha misitu na vinamasi, kama kilomita 20 kutoka Paris. Ingebaki hivyo kama si karamu moja ya Agosti 17, 1661.

Siku hiyo Nicolas Fouquet, msimamizi wa fedha za serikali, alimwalika Mfalme Louis wa 14, kijana wa miaka 22, kwenye jumba lake jipya la Vaux-le-Vicomte. Palikuwa na chakula cha kumwaga, maji yakiruka bustanini, mchezo mpya wa Molière na fataki usiku. Mfalme alitazama yote hayo akijua kwamba yeye mwenyewe hana nyumba iliyofikia ile. Hazikupita wiki tatu, Fouquet akakamatwa. Aliyemkamata ni d'Artagnan, yule yule ambaye baadaye waandishi wa riwaya walimfanya shujaa. Waziri huyo hakutoka tena kifungoni mpaka alipofariki mwaka 1680.

Wasimuliaji hupenda kusema kwamba wivu wa usiku mmoja ndio uliomwangusha Fouquet. Ukweli ni kwamba hasimu wake, Colbert, alikuwa ameshamchimbia kaburi mapema kwa hesabu za fedha. Karamu ilimalizia tu. Lakini hili halina ubishi: mfalme aliwachukua mafundi wa Fouquet wote watatu, mjenzi Le Vau, mchoraji Le Brun na bingwa wa bustani Le Nôtre, akawapeleka Versailles.

Mei 6, 1682 alihamishia huko serikali nzima. Kuna kisa nyuma yake. Louis alipokuwa mtoto, makabaila na mahakama ya Paris waliasi, na usiku mmoja wa Januari 1649 mama yake alimtorosha kutoka mjini. Hakusahau. Alipopata nguvu aliwakusanya makabaila wote chini ya paa moja ambako angewaona, akawapa kazi za kugombania: nani atampa mfalme shati asubuhi, nani atashika kinara cha mshumaa wakati mfalme anavua nguo usiku. Mabwana wenye ngome na majeshi mikoani walijikuta wakinuniana kwa sababu ya mshumaa. Kwa mtazamo wa kisiasa sijaona mtego uliofumwa vizuri kuliko ule.

Gharama yake haikuwa fedha tu. Mwaka 1685, Dangeau, mtu wa barazani aliyekuwa akiandika shajara, alitaja kwamba zaidi ya watu 36,000 walikuwa kazini Versailles na viungani mwake. Miaka saba kabla yake, Madame de Sévigné alikuwa amemwandikia jamaa yake barua kuhusu vifo vya wafanyakazi, na jinsi maiti zilivyokuwa zikitolewa usiku kwa mikokoteni ili wengine wasiingiwe na hofu.

Vioo 357

Chumba ambacho kila mgeni anakiulizia ni Ukumbi wa Vioo. Una urefu wa mita 73, na ulijengwa kati ya mwaka 1678 na 1684 chini ya Jules Hardouin-Mansart. Upande mmoja kuna madirisha 17 yanayotazama bustani. Upande wa pili, mkabala na kila dirisha, kuna tao lililojazwa vioo. Jumla yake ni vioo 357.

Leo mtu ana kioo bafuni na kingine mfukoni kwenye simu, kwa hiyo yataka kujikaza kidogo kuelewa wageni wa karne ya 17 walikuwa wakiona nini. Wakati huo kioo kikubwa kilikuwa mali ya matajiri wakubwa, na ufundi wake ulishikiliwa na Venice. Mwaka 1665 Colbert, waziri wa mfalme, alianzisha kiwanda cha kifalme cha vioo, akawashawishi mafundi wa Venice kuja Paris kwa siri na kwa mishahara minono. Venice ilikasirika sana. Baadhi ya mafundi hao walipofariki ghafla, minong'ono ya sumu ilienea mjini. Kiwanda kilisimama, na kampuni iliyotokana nacho ipo hadi leo.

Usogelee ukuta ule, acha kujipiga picha kwanza, utazame kioo chenyewe. Utaona kwamba hakuna kioo kimoja kikubwa: kila tao limeungwa kwa vipande vingi, maana mafundi wa wakati ule hawakuweza kutengeneza kipande cha ukubwa huo. Mng'aro wake una kijivu ndani, na pembeni kuna madoa meusi. Nyuma yake imepakwa bati lililochanganywa na zebaki, mchanganyiko ambao uliharibu afya za waliokuwa wakiufanya kazi.

Ukumbi ulipofunguliwa ulikuwa na meza, vinara na vyungu vya miti ya michungwa vilivyofuliwa kwa fedha tupu. Havikudumu. Mwaka 1689 vita vilimkaba mfalme, vyombo vyote vya fedha vikayeyushwa kuwa sarafu. Kwa hiyo kile mgeni anachokiona leo, pamoja na kumeremeta kwake kote, ni ukumbi uliokwisha kupunguzwa.

Na maisha ndani ya fahari hiyo hayakuwa ya raha sana. Dari ziko juu sana, moshi wa mekoni ulirudi vyumbani, baridi ilipenya kila pembe. Majira ya baridi ya mwaka 1695, shemeji wa mfalme, Binti Mfalme wa Palatine, aliandika kwamba mezani kwa mfalme divai na maji viliganda ndani ya bilauri.

Maji yasiyotosha

Kama ukumbi ulikuwa mshangao wa ndani, nje mshangao ulikuwa maji. Le Nôtre alichora bustani yenye mabwawa, sanamu na chemchemi za kurusha maji angani, pamoja na Mfereji Mkubwa wenye urefu wa karibu kilomita 1.7, ambamo mfalme aliweka mashua pamoja na waendesha mashua walioletwa kutoka Venice. Taabu ni kwamba Versailles iko juu na haina mto.

Yakafanyika majaribio ambayo mhandisi yeyote angesisimka kuyasoma. Kwenye Mto Seine, karibu na Marly, yalifungwa magurudumu 14, kila moja na kipenyo cha kama mita 12, yakiendesha pampu zilizosukuma maji kupanda mlima zaidi ya mita 150. Mtambo huo ulibuniwa na Rennequin Sualem, fundi wa kutoka Liège, kazi ikamalizika mwaka 1684. Ulipiga kelele mchana na usiku, ukaharibika mara kwa mara, na maji bado hayakutosha.

Mwaka uliofuata mfalme akataka Mto Eure ugeuzwe njia na kuletwa kutoka makumi ya kilomita. Wanajeshi wapatao 30,000 walipewa sepetu badala ya bunduki. Homa za vinamasi, za jamii ile ile ya malaria tunayoijua sisi, ziliwafyeka kwa maelfu. Vita vilipozuka kazi ikasimamishwa, na matao ya mfereji wa juu yaliyoishia njiani bado yamesimama katika mji wa Maintenon, yakiwa hayajapitisha hata tone.

Basi walifanyaje chemchemi zicheze? Kwa ujanja. Mfalme alipokuwa akitembea bustanini, vijana waliowekwa njiani walipiga filimbi kuwaashiria wafungua maji. Chemchemi ya mbele ilifunguliwa mfalme akikaribia, ya nyuma ikafungwa akishapita. Mgeni aliyeongozana naye aliona maji yakiruka kila alikogeuka. Aliyebaki nyuma aliona mabwawa yaliyotulia.

Hata leo maji hayachezeshwi kila siku. Kuna siku maalumu katika majira ya joto, na mabomba mengi yanayotumika ni yale yale ya chuma yaliyolazwa ardhini wakati wa Louis wa 14. Mtalii anayefika siku ya kawaida hukuta bustani kimya, akalalamika kwamba amepunjwa.

Jambo moja la bustani hizi linanifurahisha kuliko yote. Kati ya mwaka 1689 na 1705, Louis wa 14 mwenyewe aliandika maelekezo ya namna ya kuonyesha bustani za Versailles, akayarekebisha mara kadhaa. Ni maandishi mafupi, makavu, yasiyo na mapambo: toka kwa mlango huu, simama juu ya ngazi utazame, geuka kushoto, shuka, pumzika, tazama tena. Mfalme mwenye nguvu kuliko wote Ulaya alikaa akaandika kitabu cha kuongozea watalii. Ukitaka ushahidi kwamba kasri hili lilikusudiwa kutazamwa, huo ndio.

Mfalme mezani, umma umesimama

Na si bustani tu zilizoonyeshwa. Mfalme alikula mbele ya watu. Mlo wa hadhara ulikuwa na taratibu zake: familia ya kifalme imekaa, mabibi wakubwa kwenye viti visivyo na egemeo, wengine wote wamesimama wakitazama vijiko vikipanda na kushuka. Siku ya Mwaka Mpya wa 1764, kijana Wolfgang Mozart, hajafikisha miaka minane, alisimamishwa karibu na malkia mezani. Malkia Maria Leszczyńska alizungumza naye Kijerumani na kumpa vipande kutoka kwenye sahani, huku akimtafsiria mumewe, Louis wa 15, asiyejua neno la lugha hiyo. Baba yake Mozart aliyaandika hayo nyumbani kwa fahari kubwa.

Hata uzazi haukufichwa. Desemba 19, 1778 Malkia Marie Antoinette alipojifungua mtoto wake wa kwanza, chumba kilijaa watu hadi pumzi ikamwishia, akazimia, madirisha ikabidi yafunguliwe kwa nguvu. Sababu ilikuwa ya kisheria: lazima pawe na mashahidi kwamba mtoto hakubadilishwa.

Uwazi huo ulikuwa na hatari yake. Jioni ya Januari 5, 1757 mtu aitwaye Damiens alisimama gizani miongoni mwa watu waliozoea kumtazama mfalme akipanda gari, akamchoma Louis wa 15 kisu. Jeraha lilikuwa dogo. Adhabu aliyopewa Damiens hadharani Paris karibu miezi mitatu baadaye ilikuwa ya kinyama, nami sitaieleza hapa. Lakini milango haikufungwa. Mwaka 1787 Mwingereza Arthur Young, mtaalamu wa kilimo aliyekuwa akizunguka Ufaransa, alipita vyumba vya mfalme na kushangaa kuwakuta watu waliovaa matambara wakitembea bila kuulizwa na mtu, hata ndani ya chumba cha kulala. Inaonekana kufikia wakati huo hata sharti la upanga lilikuwa limelegea.

Aliyefunga mlango alikuwa malkia. Mwaka 1774 Louis wa 16 alimpa Marie Antoinette nyumba ndogo ya Petit Trianon iliyo ndani ya bustani. Huko amri zilitolewa kwa jina lake, na hakuna aliyeingia bila mwaliko. Alijijengea jumba la maigizo kwa ajili ya marafiki, na baadaye kijiji cha mfano chenye kinu na ng'ombe wa maziwa. Kwetu sisi mtu kutaka faragha si kosa. Kwa Wafaransa wa wakati ule, malkia asiyeonekana alikuwa na la kuficha, na vijitabu vya matusi juu ya maisha yake viliuzwa Paris kama maandazi ya moto. Makabaila waliokosa mwaliko ndio waliokuwa wa kwanza kuvisoma.

Oktoba 5, 1789 maelfu ya wanawake wa Paris waliondoka mjini kwa miguu, mvua ikinyesha, wakidai mkate. Mfalme alikuwa porini Meudon akiwinda. Alfajiri ya tarehe 6 baadhi ya waandamanaji waliingia ndani, wakawaua walinzi wawili na kuelekea chumba cha malkia. Mgeni anayetembelea chumba hicho leo atazame ukutani, upande wa kushoto wa kitanda: kuna mlango mdogo uliofunikwa kwa kitambaa kile kile cha ukuta, usioonekana kwa haraka. Kwa mlango huo malkia alitoroka, nguo hajazikamilisha kuvaa, akaenda kujificha kwa mumewe. Mchana familia nzima ilichukuliwa kwenda Paris, na hakuna hata mmoja wao, mfalme wala malkia, aliyeiona tena Versailles. Wote wawili walikatwa vichwa mwaka 1793.

Mnada, reli na makumbusho

Mapinduzi ya Ufaransa hayakulivunja kasri. Yaliuza vilivyokuwamo. Kuanzia Agosti 25, 1793 hadi Agosti 11, 1794 samani za kifalme zilipigwa mnada, mafungu 17,182, vitanda, meza, saa na mapazia. Vingi vilikwenda nje ya nchi, na hadi leo wasimamizi wa Versailles huvizia minada ya dunia kununua kiti kimoja kimoja kilichowahi kuwa chao. Kwa hiyo mtalii asidhani kila kitanda anachokiona ndicho mfalme alichokilalia.

Aliyelinusuru jumba lisioze ni Mfalme Louis-Philippe, aliyeligeuza makumbusho ya historia ya taifa na kuyafungua Juni 10, 1837. Alijenga Ukumbi wa Vita wenye urefu wa mita 120 na picha 33 za mapigano ambayo Wafaransa walishinda; bila shaka, walikoshindwa hakukuchorwa. Ili kupata nafasi alibomoa vyumba vingi vya wana wa wafalme. Wanahistoria hawajamsamehe, lakini kama si yeye huenda pasingekuwa na cha kumlaumia.

Reli ilifika mwaka 1839, na hapo utalii wa watu wa kawaida ukaanza kwa kishindo. Mei 8, 1842 ilikuwa siku ya kuchezesha maji, na treni ya jioni iliyokuwa ikirudi Paris ilijaa watazamaji. Ekseli ya kichwa cha treni ilikatika karibu na Meudon, mabehewa yakapandana na kuwaka moto. Kwa desturi ya siku zile milango ya mabehewa ilikuwa imefungwa kwa funguo kutoka nje. Zaidi ya watu 50 waliteketea, miongoni mwao baharia mashuhuri Dumont d'Urville, aliyekuwa amerudi salama kutoka barafu za Antaktika. Baada ya ajali ile Ufaransa iliacha kuwafungia abiria ndani.

Tanganyika katika Ukumbi wa Vioo

Sasa turudi kwenye ule ukumbi, maana kuna jambo ambalo msomaji wa Afrika Mashariki hapaswi kulipita.

Januari 18, 1871, Ufaransa ikiwa imeshindwa vitani na Paris imezingirwa, Wajerumani walitangaza dola lao mpya katika Ukumbi wa Vioo, katikati ya nyumba ya adui. Dola hilo ndilo lililokuja kuitawala Tanganyika, Rwanda na Burundi. Ufaransa ilisubiri. Juni 28, 1919, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wajumbe wa Ujerumani, Hermann Müller na Johannes Bell, waliletwa kusaini kushindwa kwao katika ukumbi ule ule. Waziri Mkuu wa Ufaransa, Clemenceau, aliwaweka karibu na meza askari watano walioharibiwa nyuso vitani, ili Wajerumani wasaini wakiwatazama. Hakuchagua chumba kwa bahati mbaya.

Mkataba wa Versailles una vifungu 440. Kifungu cha 119 kiliivua Ujerumani makoloni yake yote ya ng'ambo. Kutokana nacho Afrika Mashariki ya Kijerumani ilikatwa vipande: sehemu kubwa ikaenda Uingereza na kuitwa Tanganyika, Ruanda-Urundi ikaenda Ubelgiji, na pembe ndogo ya Kionga kusini mwa Mto Ruvuma ikapewa Ureno. Watu waliobebeshwa mizigo na risasi katika vita ile kutoka Tanga hadi mipaka ya Rhodesia hawakuulizwa. Hapakuwa na Mhehe, Mchaga wala Mnyamwezi mezani.

Na bado jina la Mhehe mmoja lilisomeka. Kifungu cha 246 kinaitaka Ujerumani, katika muda wa miezi sita, iikabidhi serikali ya Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa lililoondolewa Afrika Mashariki na kupelekwa Ujerumani. Kifungu hicho hicho kinadai pia Kurani ya Khalifa Othman, iliyotolewa Madina na Waturuki, irudishwe kwa Mfalme wa Hijazi.

Mkwawa, mtawala wa Wahehe, ndiye aliyeangamiza kikosi cha Kijerumani cha von Zelewski pale Lugalo mwezi Agosti 1891, akapoteza ngome yake ya Kalenga mwaka 1894, akapigana vita vya msituni hadi Julai 19, 1898 alipojipiga risasi badala ya kukubali kukamatwa. Kichwa chake kilikatwa. Pendekezo la kulidai fuvu lilitoka kwa Horace Byatt, mtawala wa Kiingereza katika nchi iliyotekwa, aliyeona kwamba jambo hilo lingewafurahisha Wahehe na kuwaonyesha kuwa Mjerumani amekwisha. Hesabu zake zilikuwa za kisiasa, na hilo halifichiki. Hata hivyo katika mkataba uliogawa dunia, uliosainiwa chini ya dari inayomsifu Louis wa 14, madai ya ukoo wa Iringa yaliandikwa kwa wino.

Miezi sita ikapita, Ujerumani ikajibu kwamba haijui fuvu liko wapi. Ikapita miaka 30 na zaidi. Mwaka 1953 Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda mwenyewe kwenye makumbusho ya Bremen, ambako mafuvu mengi yaliyokusanywa enzi za ukoloni yalikuwa yamepangwa kabatini. Alichagua moja lenye tundu la risasi na vipimo vilivyokaribiana na vya vichwa vya jamaa wa Mkwawa. Wapo wanaotilia shaka njia hiyo, na shaka yao ina msingi. Juni 19, 1954 fuvu lilikabidhiwa Kalenga kwa mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge la Tanzania kwa miaka mingi.

Ukitaka kwenda

Mwenye safari ya Paris apande treni ya RER mstari C inayoishia kituo cha Versailles Château Rive Gauche. Aangalie kibao vizuri, maana mstari huo huo una treni zinazoishia kituo cha Chantiers, kilicho mbali zaidi na kasri. Kutoka kituoni ni mwendo wa kama dakika kumi kwa miguu. Jumatatu kasri hufungwa. Tiketi inunuliwe mtandaoni mapema na iwe na saa ya kuingia, la sivyo nusu ya siku itaishia kwenye foleni ya uani. Anayetaka utulivu aanze na bustani, aende Trianon mchana inapofunguliwa, kisha aingie vyumba vya mfalme saa za alasiri, mabasi ya makundi yakiwa yameanza kuondoka. Na kama mtembezaji wake atamaliza Ukumbi wa Vioo bila kutaja kifungu cha 246, amuulize.

Asiye na viza ya Schengen wala nauli ya Paris asijione amekosa. Kutoka Iringa mjini hadi Kalenga ni kama kilomita 15. Makumbusho ya Mkwawa ni chumba kidogo, kiingilio chake ni cha bei nafuu, na fuvu liko pale ndani ya kabati la kioo, likitazamwa na yeyote atakayefika.